Alichosikia Usta Rasim

Benchi la Remzi lina miguu minne, mitatu ya mti na mmoja wa mtungi. Ule wa nne ulivunjika zamani, akaweka mahali pake mtungi uliopasuka tanurini, kichwa chini, na mpaka leo ndio mguu unaoaminika kuliko yote. Liko nje ya kibanda chake cha kahawa, pale njia inapoanza kupanda kwenda kwenye karakana zilizochimbwa mwambani, na linatazamana na mlango wa Usta Rasim. Chini unapita Mto Mwekundu, unaotupatia udongo. Juu asubuhi yanapita maputo yanayobeba watalii, na kwetu hakuna anayeyainulia macho tena. Siku hiyo ilikuwa arobaini ya Usta, yaani fundi mkuu wetu. Alikuwa amefundisha ufinyanzi nusu ya mji, na tangu afe nusu iliyobaki nayo ilikuwa imekumbuka kwamba alikuwa mwalimu wake. Khitma ingesomwa baada ya adhuhuri, halua ilikuwa ikikaangwa nyumba kwa nyumba, na fundi mawe alikuwa njiani kuja kuchonga jiwe la kumbukumbu litakalosimama mbele ya karakana ya Usta. Jiwe lipo, patasi zipo. Kilichokosekana ni maneno, na halmashauri, kwa hekima inayoijua yenyewe, ilikuwa imewaachia kazi hiyo wazee wa benchi.

Wazee wenyewe walikuwa watatu. Nevzat aliitwa Profesa, kwa sababu kila siku aliwafundisha watalii ufinyanzi kwa dakika ishirini na wao wakampigia makofi. Bedri aliitwa Nyundo; kazi yake yote ilikuwa mitungi ya kupikia nyama, ile ambayo mhudumu wa hoteli huivunja kwa nyundo mbele ya wageni, kwa hiyo hapakuwa na kazi yake hata moja iliyopata kufika kesho. Tahsin aliitwa Paka. Jina hilo alilipata tangu uanagenzi, kwa kung'ang'ania jiko la kuni la karakana mpaka mvuke ukamtoka mgongoni. Wote watatu walikuwa wameinamisha kichwa upande wa kulia, sikio likitafuta bega. Hivyo ndivyo Usta Rasim alivyokaa kwenye gurudumu miaka yote, na hivyo ndivyo alivyokaa kila aliyetaka kuonekana ametoka mikononi mwake. Profesa siku hizi alivaa na kola ya shingo aliyopewa hospitali.

Remzi alikuwa ndani, mdila motoni, kidirisha wazi. Miaka hamsini na tisa, thelathini na sita kati ya hiyo akichemsha kahawa. Ubaya wa biashara hiyo ni kwamba unasikia kila kitu.

— Karatasi hii hapa, — Profesa alisema. — Sikilizeni. "Hapa alikaa mtu aliyesikia udongo ukisema."

— Ukisema nini? — Bedri aliuliza.

— Kila bonge na lake. Udongo wa masika hausemi sawa na wa vuli.

— Mbona mimi miaka yote haujaniambia hata salamu?

— Na wewe ungekuwa udongo, Bedri, ukajua unakwenda kupigwa nyundo, ungemsalimia nani?

Tahsin alicheka mpaka benchi likasogea juu ya mtungi wake. Akafuta macho, akatikisa kidole.

— Lakini hapo, Profesa, umekosea kidogo. Si udongo. Udongo ni njia tu. Hebu fikiri, mji huu watu wanafinyanga tangu lini? Tangu kabla ya manabii. Hao wote wamekufa, wamezikwa, wameoza, wamekuwa nini?

— Udongo.

— Ahaa! Usta alikuwa anasikiliza marehemu. Mafundi wa zamani walikuwa wanampa maelekezo. "Rasim, kaza shingo ya birika. Rasim, tako la bakuli limekuwa zito."

— Na walikuwa wanasema lugha gani hao marehemu wa kabla ya manabii? — Profesa aliuliza.

— Kwani fundi anahitaji lugha? We vipi?

— Nyie mnacheza, — Bedri alisema, akisogea mbele. — Mimi nitawaambia jambo ambalo sijawahi kulisema. Mnakumbuka lile tetemeko kubwa? Siku tatu kabla, Usta hakufinyanga. Gurudumu limelala. Siku tatu!

— Alikuwa na mafua, Bedri, — alisema Tahsin. — Mimi ndiye niliyempelekea supu.

— Ndivyo ilivyotangazwa.

— Ilitangazwa na nani? Mafua ya mzee yatangazwe na nani?

— Mimi sisemi zaidi. Siku moja walikuja watu wawili wamevaa suti, wana mashine kwenye sanduku. Wakaingia karakanani, wakatoka.

— Walikuja kusoma mita ya umeme!

— Sasa mita ya umeme inataka watu wawili?

Profesa aliinua mkono. Huwa anauinua hivyo kwa watalii pia, kabla ya kuwaonyesha bakuli aliloandaa jana yake.

— Kuna mgeni mmoja, msomi, alikuja kupima. Alipima kichwa cha Usta kwa chombo. Akakuta kimeinama nyuzi kumi na saba. Si kumi na sita, si kumi na nane. Sasa jiulizeni, ni nini kingine kilichoinama?

— Shingo yako, — alisema Tahsin.

— Dunia! Dunia nayo imeinama kwenye mzunguko wake.

— Mjukuu wangu kasoma hayo, — Bedri alisema. — Dunia imeinama nyuzi ishirini na tatu.

— Usta alikuwa mnyenyekevu. Alijipunguzia.

Remzi alitoka na sinia: finjani tatu na bilauri tatu za maji. Ya Profesa haina sukari, kwa sababu msomi hanywi vitamu. Ya Tahsin sukari mbili. Ya Bedri sukari ya kiasi na povu jingi, kwa kuwa aliamini povu ni ishara ya heshima. Remzi aliziweka moja moja bila kusema neno.

— Remzi Kimya! — Tahsin alimwita, akipokea finjani kwa mikono miwili. — Kahawa yako ina maneno mengi kuliko wewe, wallahi.

Remzi alitabasamu upande mmoja. Lile jina lilikuwa limemkaa kwa miaka thelathini na sita. Watoto waliozaliwa juzi walidhani aliitwa hivyo kwa sababu haongei sana. Hawakujua kwamba kimya kile hakikuwa chake.

Kwetu mwanagenzi hapewi cheti. Akiona amefikia, anauliza, na anauliza mara moja tu katika maisha yake. Hamuulizi Usta usoni, huo ni ufidhuli, anasimama nyuma ya bega lake, gurudumu likiwa linazunguka, na anasema kwa sauti ya chini: "Usta, mkono wangu umeiva?" Usta akisema umeiva, siku hiyo hiyo anamfunga aproni ya ngozi mbele ya wenzake, na mtu anakuwa fundi, anaweza hata kuposa. Usta akinyamaza, ndilo jibu. Mwanagenzi anachukua mfuko wake anatoka, na suala hilo halitajwi tena mbele ya Usta milele. Remzi aliuliza akiwa na miaka ishirini na mitatu, majira ya baridi, baada ya miaka mitano ya kukanda udongo. Alinyamaziwa. Alisimama pale mpaka bakuli lililokuwa kwenye gurudumu likapanda, likafunguka, likakatwa kwa uzi. Nevzat, ambaye siku hizo alikuwa hajawa Profesa wa mtu, ndiye aliyemshika mkono akamwambia, "Twende, ndugu yangu. Usijidhalilishe kuuliza mara ya pili." Binti ambaye alikuwa amwoe aliolewa na muuza mazulia. Na Usta Rasim, tangu siku hiyo mpaka kufa kwake, hakuwahi kuvuka hatua thelathini za kati yao kuja kunywa kahawa. Wakipishana njiani, kila mmoja alipata cha kutazama ukutani.

— Haya, majina, — Profesa alisema. — Nyuma ya jiwe tunaandika wote waliofungwa aproni. Thelathini na mmoja. Mimi wa kwanza, kwa alfabeti.

— Nevzat unakuwaje wa kwanza kwa alfabeti mbele ya Bedri? — Bedri alishangaa.

— Alfabeti ya cheo.

— Na wale wengine je? Wale walionyamaziwa?

— Shh! — Tahsin alikodoa macho kuelekea kidirishani. — Dirisha liko wazi, bwana.

— Hapana, hoja nzuri, — alisema Profesa. — Tena nimeshaifikiria. Watu wanasifia alichosema Usta, na hawasifii alichonyamaza. Alinyamazia watu saba. Saba tu katika miaka yote! Kile kimya kilikuwa kipimo. Alikuwa anaona ndani ya mtu.

— Alikuwa ananusa mikono, — alisema Bedri. — Mkono usio na kazi una harufu yake.

— Alikuwa anaota, — alisema Tahsin. — Usiku wa kuamkia siku hiyo anaoteshwa.

— Sasa mbona wewe hukuoteshwa ubaya? — Bedri alimrukia. — Ulimaliza miaka minne umekumbatia jiko, ukauliza huku umekaa, tena na mkate mdomoni, na akasema umeiva!

— Ndiyo ujue Usta alikuwa anaona mbali.

— Kwa hiyo mstari wa pili wa jiwe, — Profesa aliendelea, akiandika kwa mbwembwe, — ni huu: "Na kimya chake kilikuwa hukumu."

Ndani ya kibanda, mdila ulimwagika. Remzi hakuwahi kumwaga mdila tangu afungue kibanda. Aliitazama ile kahawa ikilia juu ya moto, kisha akatoka nje mikono mitupu na kusimama mbele yao.

— La kimya msiandike.

— Eh! Kumbe anaongea, — alisema Tahsin.

— Kaka Nevzat, nakuomba. Lile jiwe litasimama pale. Mimi nafungua kibanda alfajiri, nafunga jioni, na nitakuwa nalo mbele ya macho mpaka na mimi nibebwe. Andikeni mnavyotaka. Andikeni alikuwa anaongea na nyota. La kimya liacheni.

Tahsin aliangalia chini. Bedri alijifanya anatafuta povu kwenye finjani. Profesa alivuta pumzi taratibu, akawa mpole, na upole wa Profesa ndio unaoudhi kuliko ukali wake.

— Remzi, mdogo wangu, hili si suala la mtu binafsi. Hii ni historia. Tena wewe ungejivunia! Umo ndani ya historia.

— Nimo kama nini?

Kabla Profesa hajajibu, alifika mwanamke mmoja. Alikuwa mzee, koti la kijivu, kikapu mkononi, ametembea kwa miguu kutoka stendi ya basi, na usoni alikuwa na pua ya Usta Rasim, kamili, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Alisimama mbele ya benchi akawatazama wale watatu na shingo zao.

— Poleni, — alisema. — Mmelala vibaya wote watatu?

Walisimama haraka. Tahsin alimpisha mahali pazuri, upande wa mguu wa mtungi. Alikuwa Saime, dada mdogo wa Usta, aliyeolewa pwani ya mbali miaka hamsini na tano iliyopita. Mazishi hayakumsubiri, kwetu maiti hasubirishwi, kwa hiyo alikuwa amekuja arobaini. Remzi alikwenda akamchemshia finjani, akairudia mara mbili mpaka povu likakaa sawasawa, akamletea.

— Shangazi, pole sana kwa msiba, — Profesa alianza. — Mwenyezi Mungu ndiye amekuleta saa hii. Wewe umekua naye. Tuandikie historia. Marehemu alianza lini kusikiliza udongo?

— Kusikiliza nini?

— Udongo. Hivi. — Akamwonyesha, ingawa kwa kola ile hakuwa na haja ya kumwonyesha. — Ule mwinamo.

Bi Saime aliweka finjani chini polepole. Mabega yakaanza kutikisika. Watu wa benchi walidhani analia, na Tahsin akatoa leso. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaitumia ile leso kweli.

— Rasim? Udongo? Jamani. Rasim alikuwa kiziwi.

Bi Saime aliligonga sikio lake kwa kidole.

— Sikio la kushoto. Halisikii hata mzinga ukilipuka. Alikuwa anaelekeza hili zima la kulia upande wenye maneno. Nyie mlikuwa mnakaa wapi?

— Kulia, — alisema Tahsin. — Kwenye jiko.

— Basi alikuwa anawasikiliza nyie! Toka mdogo, hakuna mtu aliyependa umbea kama kaka yangu. Kila Ijumaa ananipigia simu, ananipa habari za mji mzima. Wewe ndiye Bedri?

— Ndiye, shangazi.

— Wa sahani za kiwandani? Uliyezipaka matope ukawauzia wageni ukasema zimetoka kaburini kwa mfalme?

— Ilikuwa mara moja tu, shangazi.

— Mara tatu. Na nani hapa mkewe alimfungia nje siku ya theluji akalala ndani ya tanuri?

Profesa alikohoa. Kola ilimsaidia, kwa sababu haikumruhusu kugeuka.

— Lakini, shangazi, — alisema alipopata sauti, — haiwezekani. Tumekaa naye miaka. Tungejua.

— Hamkuwa mkimwita kutoka kushoto?

— Tulimwita. Hakuwa akiitika. Tukasema... — Profesa alimeza mate. — Tukasema yuko mbali na dunia.

— Alikuwa yuko hapo hapo. Hakuwasikia.

— Na kwa nini hakusema? — Bedri aliuliza. — Uziwi si aibu. Baba yangu alikuwa kiziwi.

— Kwa sababu mngemuuliza nani alimfanya hivyo. — Cheko lilikuwa limemwisha Bi Saime. — Alikuwa na miaka kumi na saba. Alimuuliza usta wake kama mkono umeiva, akaambiwa bado. Baada ya wiki akauliza tena. Yule mzee akamzaba kofi, mkono umejaa udongo mbichi, na sikio likafa siku ile ile. Rasim alimpenda yule mzee. Alikula kwake, akamwosha alipokufa. Akasema, "Saime, nikitaja sikio, watamtukana." Akafunga mdomo miaka sitini na sita. Ila aliwaambia wanagenzi wake waulize mara moja tu. Hakutaka aje apate wazo la kumpiga mtu.

Tahsin alikuwa wa kwanza kuhisi baridi. Alisogea kidogo kwenye benchi, akaweka mikono katikati ya magoti, kama alivyokuwa akikaa zamani mbele ya jiko.

— Na kile kimya? — aliuliza kwa sauti ndogo. — Alikuwa akinyamaza kwa maana gani?

— Kimya gani?

Ikabidi wamweleze. Bedri ndiye aliyeeleza, kwa sababu Profesa alikuwa anasoma karatasi yake kama ya mtu mwingine. Alimweleza kusimama nyuma ya bega, sauti ya chini, gurudumu linavuma, mara moja tu, na kwamba wengi waliambiwa umeiva na saba walinyamaziwa, na mfuko unachukuliwa, na halitajwi tena mbele ya Usta. Bi Saime alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, bila hila yoyote, kama mtu anayeuliza njia ya kwenda sokoni:

— Hao saba, walisimama upande gani?

Wale wazee watatu, kila mmoja alikuwa ameuliza swali lake kutoka kwenye jiko, ambako kulikuwa na joto, mkate na hadithi, na ambako wavivu wote wa mji walipitisha ujana wao. Upande wa kushoto kulikuwa na dirisha na baridi kali, na hapakukaa mtu isipokuwa yule aliyetaka mwanga ili aione mikono ya Usta vizuri.

Remzi alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda na sinia tupu. Alijua upande aliosimama. Alijua hata ubao wa sakafu aliokanyaga. Kwa miaka mitano alikuwa akisimama pale, vidole vikifa ganzi, kwa sababu kutoka pale ungeweza kuona dole gumba la Usta linavyoingia ndani ya udongo bila kuulazimisha.

— Kuna mmoja alimuuma sana, — Bi Saime aliendelea; hakuwa anamtazama mtu. — Jina alikataa kulitaja. Alisema ana mkono mwepesi kuliko wake yeye. Mchapakazi, anakaa peke yake kule dirishani. Rasim akamkatia aproni, akaishona mwenyewe, akawa anamsubiri aulize. Siku moja anageuka, kijana hayupo. Mfuko hauko. Hakuna kwaheri. Akawauliza wenzake. Wakamwambia, "Kaondoka, Usta," wakaishia hapo.

Bedri na Tahsin walimtazama Nevzat. Nevzat alitazama mbele, na safari hii haikuwa kwa ajili ya kola.

— Si huwa halitajwi, — alisema taratibu. — Halitajwi mbele ya Usta. Ndiyo desturi. Mimi nilifuata desturi.

— Kwa nini Usta hakumfuata? — Bedri aliuliza. — Si angemfuata tu akamuuliza?

— Usta amfuate mwanagenzi? Katika mji huu? — Bi Saime alitikisa kichwa. — Wanaume nyie. Alinung'unika mpaka simu ya mwisho. "Saime, sijui nilimkosea nini yule mtoto. Na kahawa yake inanukia mpaka huku ndani."

Akainua finjani ili amalizie. Ikafika karibu na midomo, ikasimama hapo. Aliitazama ile finjani, akautazama mlango wa karakana ng'ambo ya njia, kisha akaiweka chini bila kuinywa na hakumgeukia mtu mwenye sinia, kwa huruma. Remzi alimshukuru kwa hilo.

Fundi mawe alifika wakati huo huo, na mkokoteni, na vumbi, na haraka.

— Haya wazee, maneno yako wapi? Nataka kuanza kabla ya adhana.

Bedri alimnyang'anya Profesa karatasi. Akachukua penseli, akaufuta ule mstari wa kimya kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, akaendelea kufuta tundu. Ukabaki mstari wa kwanza.

— Na huu nao ni uongo, — alisema. — "Aliyesikia udongo." Tumwandike nini sasa? "Hapa alikaa mbea"?

— Aende mtu kaburini akamwombe radhi, — Tahsin alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli. — Aende Remzi. Au twende wote. Tukamwambie aliuliza, ila...

Tahsin ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza Usta.

— Nilimlaza mwenyewe, — alisema. — Ubavu wa kulia. Uso kibla, kama inavyotakiwa. Lile sikio zima... lile zima liko chini. Liko udongoni.

Mbali juu ya mto puto moja lilikuwa likipuliziwa moto. Halafu kitu fulani kilianza kumrudi Profesa usoni, taratibu, na Remzi alikitambua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu alikuwa amekisikiliza kupitia kidirisha kwa miaka thelathini na sita.

— Basi ni kweli, — Profesa alisema. — Mnaona? Sasa hivi anasikiliza udongo. Hakuna wa kubisha. Fundi, chukua: "Anayesikiliza udongo." Badilisha wakati tu, mengine yabaki.

Fundi mawe alichukua karatasi yenye tundu, akakwaruza sikio kwa patasi, akavuka njia.

Remzi alikuja kwenye benchi. Aliokota finjani ya Profesa, ambayo ilikuwa imenywewa nusu. Akaiokota ya Bedri mkononi mwake, na povu lake. Akaiokota ya Tahsin. Ya Bi Saime aliiacha mahali ilipo.

— Kahawa imekwisha, — alisema.

Nyuma yake, kidirishani, mdila ulikuwa unafuka, umejaa pomoni. Kila mtu aliuona. Bi Saime aliinuka, akafungua kikapu chake, akatoa ufunguo wa karakana aliyorithi kwa kaka yake, akauweka kando ya finjani yake, mbele ya Remzi, kisha akaenda msikitini bila kuaga mtu. Profesa alikumbuka kwamba ana watalii. Bedri alimfuata, akisema anakwenda kusaidia halua. Tahsin peke yake ndiye aliyebaki, amesimama upande wa kushoto wa Remzi, leso mkononi, bila jiko la kukumbatia.

— Remzi, — alisema kwa sauti ya chini. — Remzi, ndugu yangu. Si tuko sawa lakini?

Remzi alimsikia vizuri sana, kwa masikio yote mawili. Akazamisha finjani ndani ya maji, akaisuuza, akaikausha, akaiweka. Akachukua nyingine, akaisuuza. Tahsin alisubiri mpaka ya tatu ikaisha. Ng'ambo ya njia patasi ilianza kugonga.

Kisha Tahsin akachukua kofia yake, akaondoka. Kwetu mtu haulizi mara mbili.